Ofisi Sebuleni, Hela za Watu Mezani

Leo naacha pembeni mambo ya mahari na mawifi, nataka tuongee kazi. Tena kazi inayofanyika palepale mnapolia chakula cha usiku.

Siku hizi nikikaa na mashosti, haipiti nusu saa kabla hajajitokeza mmoja wa kusema, "Mimi nataka niwe nakata tiketi za ndege nyumbani." Wengine wamechoka na foleni ya Ubungo, wengine wamejifungua na hawataki kumwachia dada wa kazi mtoto wa miezi minne, wengine mkataba umeisha na mwajiri hajapiga simu tena. Wote wanaona kitu kimoja: laptopu, simu, bando, na watu wanaosafiri kila siku. Kwa nini nisile na mimi?

Nakubaliana nao, kazi ipo. Mdogo wangu wa tumbo moja anaifanya, na mimi nimekuwa mshauri wake asiyelipwa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia saa tano za usiku kwenye simu.

Imewezekanaje hata ikaingia sebuleni?

Wakubwa wetu wanazikumbuka tiketi za karatasi, zile zenye kurasa nyembamba zilizopakwa kaboni nyekundu. Karatasi zile zilikuwa kama hela taslimu. Wakala alizifungia kwenye kasiki, na zikiibwa ilikuwa balaa. Usingeweza kuweka kitu kama kile kwenye kabati la vyombo. Kisha chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kikaweka tarehe 1 Juni 2008 kuwa mwisho wa mawakala wake kutoa tiketi za karatasi. Tangu hapo tiketi ni rekodi tu ndani ya kompyuta, na abiria anaipata kwenye simu. Kasiki likaondoka, na kaunta nayo ikapoteza kazi.

Lakini kuna kilichobadilika kabla ya hapo, ambacho wengi hawaambiwi. Zamani wakala alikula kamisheni ya shirika la ndege, asilimia fulani ya kila nauli. Kule Marekani mashirika yalianza kuibana kamisheni hiyo mwaka 1995, na ilipofika 2002 makubwa yao yakaifuta ile ya msingi. Upepo huo ukasambaa. Leo, usiingie kwenye kazi hii ukidhani shirika litakulipa mshahara. Anayekulipa ni abiria, kwa ada ya huduma unayomtoza. Maana yake ni kwamba lazima uwe na kitu unachompa ambacho hakipati mwenyewe akifungua simu yake kitandani.

Unaanzia wapi?

Kutoa tiketi moja kwa moja kunahitaji kibali cha IATA, na kibali hicho kina masharti ya mtaji na dhamana ambayo mtu anayeanza na laki tano hawezi hata kuyasogelea. Kwa hiyo wengi huanzia chini ya wakala mkubwa mwenye kibali. Mdogo wangu anamwita "kampuni mama". Wewe unatafuta mteja, unamsikiliza, unapanga safari, unapokea hela, unaipeleka. Kampuni mama inatoa tiketi kupitia mifumo kama Amadeus, Sabre au Galileo. Mnagawana ada.

Kwa upande wa serikali, usijidanganye kwamba kwa kuwa uko nyumbani hauonekani. Jina la biashara linasajiliwa BRELA. Namba ya mlipakodi unaipata TRA. Na hapa Tanzania uwakala wa usafiri uko chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ile yenye leseni wanayoiita TALA. Ndiyo maana suala la kwanza kumuuliza kampuni mama si "tunagawana vipi?" Muulize, "Leseni yako iko wapi, na mimi nafanya kazi chini yake kwa karatasi gani?" Kama anakujibu kwa kucheka, aga uondoke. Halafu pita ofisi ya biashara ya halmashauri yako uulize wanataka nini kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani. Kuuliza ni bure, faini haijawahi kuwa bure.

Tupige hesabu pamoja. Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Tuchukulie unatoza elfu arobaini kwa tiketi, na kampuni mama inachukua elfu kumi na tano. Unabaki na elfu ishirini na tano. Ukiuza tiketi kumi na tano kwa mwezi, una laki tatu na sabini na tano elfu. Toa bando na muda wa maongezi elfu sitini, toa nauli za bodaboda na za mjini elfu sabini. Umebaki na laki mbili na arobaini na tano elfu, na kodi bado. Hiyo ndiyo sura ya miezi ya mwanzo kwa mtu anayejituma. Kama mwenzako amesikia kwamba utakuwa unaingiza milioni tatu, mkalishe chini leo umwonyeshe karatasi.

Unauza nini hasa?

Unauza macho yako. Abiria anaona bei, wewe unatakiwa kuona mitego.

Mtego wa kwanza ni jina. Kwenye tiketi jina lazima lifanane na pasipoti. Watu wetu wana jina la nyumbani, la shule, la ubatizo na la mume, na wanakutajia lile wanalolipenda. Tena hapa nawaonya maharusi. Bwana harusi anataka kumfurahisha mkewe, anakata tiketi ya fungate kwa jina jipya la ndoa, wakati pasipoti ya bibi harusi bado ina jina la baba yake. Mapenzi yote hayo yanaishia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege mbele za watu. Usikubali jina la kuandikiwa kwenye ujumbe. Dai picha ya pasipoti, kila mara, hata kwa mama yako mzazi. Ukiwa nayo mkononi angalia pia tarehe ya mwisho, maana nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele.

Mtego wa pili ni saa, na huu ni wetu Waswahili kabisa. Tiketi imeandikwa Jumanne saa 03:40. Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku, na ni usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Abiria anasoma "Jumanne", anasoma "saa tatu na dakika arobaini", anakwenda uwanjani Jumanne jioni na mabegi yake. Ndege ilishaondoka, na yeye anaapa kwamba amewahi! Mdogo wangu haandiki saa bila kuitafsiri. Anamwandikia mteja hivi: "Lala mapema Jumatatu, saa sita usiku uwe uwanja wa ndege." Na kama safari inavuka mipaka, anakumbusha kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Dubai iko saa moja mbele yetu.

Mtego wa tatu ni karatasi nyingine. Anayekwenda Ulaya kwa viza ya Schengen anatakiwa kuwa na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja siku moja kabla ya safari ni kujifurahisha. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016, Shirika la Afya Duniani lilikubali cheti hicho kiwe cha maisha, hivyo usimpeleke mteja kuchomwa tena kwa sababu kadi yake ni ya zamani. Na rafiki wa ng'ambo anayekuja kula raha Zanzibar, tangu Oktoba 2024 anatakiwa kuwa na bima maalumu ya dola 44 inayouzwa na shirika la bima la huko. Mtu akiyapata hayo yote kwako kwa ujumbe mmoja, atakulipa elfu arobaini bila kununa.

Mtego wa nne ni "tiketi" ambayo si tiketi. Ukifanya buking unapewa mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita. Huo ni ushahidi kwamba kiti kimeshikiliwa, basi. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu kumi na tatu, na tatu za mwanzo ni utambulisho wa shirika. Matapeli wanaishi katikati ya vitu hivi viwili. Wewe ukitaka kuaminika, mfundishe mteja tofauti yake, kisha mtumie namba zote mbili aingie mwenyewe kwenye tovuti ya shirika akahakiki. Wakala anayeogopa kuhakikiwa ana jambo.

Chagua watu wako

Kosa la wageni wengi ni kutangaza "tunakata tiketi za popote duniani." Nani anakujua? Anza na watu wa aina moja ambao unaelewa shida zao. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou wana kalenda yao. Maonesho makubwa ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na majira ya Oktoba, na kwao kilo za mzigo ni muhimu kuliko aina ya kiti. Wanaosindikiza wagonjwa India wanahitaji tiketi inayobadilishika, kwa sababu daktari ndiye anayeamua tarehe ya kurudi. Maharusi wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba boti ya asubuhi kwenda Unguja haimsubiri mtu aliyekesha ukumbini. Ukiwajua kundi moja vizuri, wataambiana wenyewe. Kwenye kicheni pati moja tu unaweza kutoka na wateja sita, mradi usigawe kadi wakati somo anaongea!

Hela iliyoingia nyumbani ni ya nani?

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mdogo wangu ameniruhusu, na shemeji pia, baada ya kunikumbusha mara mbili nisitaje majina.

Ijumaa moja familia ya jirani ilimletea hela ya tiketi mbili za kwenda India. Mama yao mzazi alikuwa anapelekwa hospitali, na binti yake anamsindikiza. Hela ikaingia kwenye akaunti ya nyumba, ile wanayotumia wote wawili. Buking ilikuwa na muda wa mwisho wa kulipia, Jumamosi saa sita usiku. Mdogo wangu akapanga kuipeleka kwa kampuni mama Jumamosi mchana, akishatoka kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzake wa zamani.

Jumamosi asubuhi shemeji alifungua simu, akaona salio halijawahi kuwa zuri namna ile. Alikuwa anadaiwa awamu ya kiwanja na dalali amemchosha kwa simu. Akatoa milioni moja na laki mbili. Kuna mtu alikuwa anamrudishia deni Jumatatu, kwa hiyo kichwani mwake ile hela ilikuwa imeazimwa kwa siku mbili tu.

Mchana mdogo wangu anakwenda kulipa, hela haitoshi. Akapiga simu huku na kule, wapi. Saa sita usiku ikafika, viti vikaachiliwa. Jumatatu hela ilirudi kama shemeji alivyoahidi, lakini bei ile haikurudi. Viti vya nauli ile vilikuwa vimekwisha, na vilivyofuata vilizidi kwa shilingi laki tatu na themanini elfu kwa wote wawili. Nauli ndivyo ilivyo, haijawa yako mpaka tiketi itolewe.

"Dada, njoo jioni," akaniambia, "maana humu ndani leo kuna mtu atalala nje."

Nilikwenda. Niliwakuta kila mmoja ana haki yake mkononi. Mdogo wangu alisema, "Amechukua hela ya mgonjwa." Shemeji naye alisema maneno ambayo sikuweza kuyapuuza: "Shemeji, tangu mkataba wake uishe nalipa kodi ya nyumba peke yangu, miezi minane. Hela inaingia kwenye akaunti yetu, hakuna aliyeniambia hii ni ya kupita. Nitajuaje? Mimi niliona salio, nikaona Mungu amekumbuka nyumba yangu."

Lakini mzozo wenyewe ulikuwa mbele zaidi. Nani analipa ile laki tatu na themanini? Shemeji alishauri mteja aambiwe kwamba shirika limepandisha bei. Na kweli bei ilikuwa imepanda, hakuna ambaye angejua. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Wale watu walikuwa wamechangishana ukoo mzima, hela nyingine zilikuja na ujumbe wa elfu kumi kumi. Akasema, "Nikiwaambia hivyo wataamini. Ndiyo maana siwezi."

Walilipa wenyewe. Walitoa kwenye hela waliyokuwa wanadunduliza kwa ajili ya kwenda Zanzibar kusherehekea miaka mitano ya ndoa. Mteja aliambiwa ukweli mfupi, kwamba malipo yalichelewa kwa upande wetu, nyongeza ni juu yetu. Mama alisafiri Alhamisi badala ya Jumatano. Kwenye miaka mitano ya ndoa walikula chipsi kuku Coco Beach, na nasikia ilikuwa nzuri tu.

Kwa hiyo, kabla hujaweka laptopu mezani, mkae wawili mkubaliane haya.

Moja, akaunti ya biashara iwe peke yake, na lipa namba yake peke yake. Hela ya mteja isilale usiku mmoja kwenye akaunti ya nyumba. Mwenzako asipoiona kwenye salio la nyumba, hatashawishika kuigusa.

Mbili, biashara imlipe mwenye biashara. Mwisho wa mwezi ile faida, hata kama ni laki na nusu, ihamishwe kwenda nyumbani kwa siku inayojulikana. Anayelipa kodi peke yake akiona kitu kinaingia kila tarehe tano, anapata subira. Asipoona chochote, ataanza kujihudumia.

Tatu, hakuna mkopo wa tiketi. Si kwa wifi, si kwa kaka, si kwa mchungaji. Ndugu ndio wateja wa kwanza na ndio wadeni wa kwanza. Kampuni mama inataka hela yake leo, haijui kwamba huyo ni shangazi. Jibu ni lilelile kwa wote: "Naweza kukushikia kiti mpaka muda wa mwisho, hela ikifika natoa." Na aliyeombwa upande wa mume akatae mume, wa upande wa mke akatae mke. Usimtume mwenzako akagombane na ukoo wako.

Nne, saa za kazi. Wateja wa tiketi wanapiga simu usiku, hasa walioko uwanjani. Kubalianeni simu ipi inajibiwa baada ya saa tatu. Aliyekwama safarini anajibiwa hata saa nane. Anayeuliza bei ya Desemba mwezi wa tatu anasubiri kukuche. Na unayekaa nyumbani, usigeuzwe wa kupokea fundi, mtoto na mtungi wa gesi kila siku kwa sababu "si upo tu." Haupo tu, uko kazini.

Tano, akiba ya makosa. Kwa kila tiketi weka pembeni elfu tano ambayo haiguswi. Siku jina likikosewa au muda ukipita, hiyo ndiyo itakayolipa badala ya fungate yenu ya pili.

Nimeulizwa kama mdogo wangu bado anaendelea. Anaendelea. Wiki iliyopita nilimkuta kwenye meza yake ndogo karibu na dirisha, umeme umekatika, anatumia mwanga wa simu kusoma pasipoti ya mtu. Shemeji alikuwa jikoni anakaanga mayai. Binti wa yule mama wa India ndiye aliyemleta mwenye pasipoti ile.

Kama wewe na mwenzako mmeshajaribu kazi ya nyumbani, ya tiketi au nyingine yoyote, niandikieni. Nataka kujua akaunti mlitenganisha lini, na nani alipendekeza. Mpaka mwezi ujao, pendaneni, na risiti mzitunze.